Mama Yako Ana Miguu

Kabula mwanangu,

Hadithi ya mwanamke aliyegeuka jiwe sikuitunga. Mwalimu Bwire aliniuliza, nikasema nimeitunga. Bibi yako aliniuliza, nikasema nimeitunga. Wewe umeniuliza mara nyingi kuliko wote, mdomo umejaa ugali, "Mama mdogo, uliitoa wapi ile?" nami nikakujibu kwamba ilinijia tu nikiwa nafua. Haikunijia. Niliiona kwa macho yangu, hapa hapa Mkuyuni, kwenye nyumba hii, na hakuna mtu niliyewahi kumfungulia mdomo. Mwanamke yule ni mama yako, dada yangu Esta.

Pumua kwanza, kisha uendelee.

Nimekaa juu ya jiwe la kuanikia vyombo, nyuma ya nyumba. Bibi amekupeleka kanisani kuombewa safari ya shule, na jua bado lipo juu ya ziwa, kwa hiyo nina nafasi. Habari za ndoo, jembe, fagio na sabuni ameshakwambia mpaka umeziota. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nina hasira, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Najua watu wangecheka wakisikia nakuita mwanangu. Juzi juzi tu nilikuwa navaa sketi ya shule kama utakayovaa wewe. Lakini mtoto wa dada ni mtoto, na mgongo uliokubeba ni huu. Nina haki ya kukuandikia barua ya mzazi, hata kama mzazi mwenyewe bado anaona aibu kuagiza soda dukani.

Kilichonitoa kwenye ukimya ni maneno yako ya juzi. Tulikuwa tunapanga nguo kwenye tranka, ukaniambia, "Mama mdogo, nihadithie ile ya jiwe. Huko shule nitaikosa." Nikakuhadithia. Nilipofika mwisho, pale mwanamke anaposimama majini ameelekea kwao na ndege weusi wanatua kichwani kwake, ulikunja sweta, ukalibana kwa kidevu, ukasema:

"Huyu afadhali. Huyu ana sababu, ni jiwe. Mama yangu ana miguu."

Bibi alikuwa anapita na karai la samaki. Akasema, "Mwambie huyo! Mtoto ana akili kuliko shangingi lililomzaa."

Mkacheka wote wawili. Mimi nikainamisha kichwa nikaendelea kupanga soksi. Toka siku hiyo nairudia sentensi uliyoisema, maana ni tamu, imekaa sawasawa, na mimi ndiye niliyekupa maneno yake.

Unachokijua wewe ni hiki. Baba yako mzazi aliikataa mimba akakimbilia machimbo ya Geita. Mama yako akakuzaa, akakunyonyesha, halafu akampenda mvuvi wa Kijita, akamfuata, akakutupa. Hajawahi kuulizia. Bibi akakulea kwa kukaanga mapanki, mifupa ya sangara inayotupwa na viwanda, usiku na mchana, kwa neema ya Mungu. Hivyo ndivyo bibi anavyotoa ushuhuda kila mwaka, mbele ya kanisa zima, kwa jina lake, kwa jina la mama yako, kwa jina lako, na mstari wa Zaburi juu yake.

Mapanki ni kweli. Mafuta ya moto yamemchoma mikono, umeziona alama zake, na mimi siwezi kuzifuta. Mengine sasa nisikilize mimi.

Yule mvuvi alikuja kwetu. Alikuja na baba yake mdogo, wamevaa makoti kwenye jua kali, kwa heshima. Walisema wanamtaka Esta, na mtoto pia wanamtaka, watamlea kama wao. Bibi akawauliza, "Mtoto mnamchukua kwa ng'ombe gani?" Wakasema ng'ombe watakuja taratibu, ziwa likifungua mkono. Bibi akasema, "Basi na mtoto atakuja taratibu." Unajua desturi yetu Wasukuma. Mtoto aliyezaliwa nyumbani bila mahari ni wa nyumba ya babu yake. Desturi haikusema mama mtu asimwone. Hilo bibi aliliongeza mwenyewe. Alimwambia dada mbele yangu, nikiwa natwanga karanga: "Chagua. Ukipanda gari la Musoma, huku huna mtoto. Usije ukanigongea mlango." Dada alikaa siku kadhaa analia, akaenda. Hapo hadithi yangu inasema kweli tupu. Nilibadilisha gari nikaweka mtumbwi, nikabadilisha Mkuyuni nikaweka kisiwa kisicho na jina, nikampa mwanamke jina lisilo la kwetu. Kilio sikukibadilisha.

Lakini dada alirudi, Kabula. Alirudi mara mbili.

Mara ya kwanza ulikuwa bado unabebwa. Nilikuwa hapa hapa nyuma, nimekufunga mgongoni, umelala, naosha sufuria. Nikasikia hodi, na sauti nikaijua kabla sijaelewa naijua. Bibi akachungulia dirishani, akanijia mbio akaninong'oneza, "Nenda nyuma ya jiwe kubwa. Akilia mtoto, nitakuchinja." Nikaenda. Jiwe hilo ndilo ninaloegemezea miguu sasa hivi. Kutoka hapo unasikia kila kitu.

"Shikamoo mama."

"Hujambo. Umekosea nyumba."

"Mama, nimemletea gauni. Na wewe nimekuletea furu waliokaushwa."

"Furu! Mimi ninakaanga samaki nusu ya Mkuyuni inakula, wewe unaniletea furu? Wapiga nyavu wa huko kwenu wakikosa samaki, mnaokota visamaki kama vidole vya watoto?"

"Niruhusu nimwone tu. Sitamchukua."

"Yuko Magu, kwa kaka yako Masanja. Ameshakusahau."

Hukuwa Magu. Ulikuwa mgongoni kwangu, mate yako yananilowesha shingo. Dada alikaa kwenye kizingiti mpaka mwangaza ukaanza kupungua, kisha akaondoka. Gauni aliliacha. Ni lile la njano, Kabula, ulilovaa kwenye picha ya sebuleni, lile ambalo bibi huwaambia wageni, "Nililinunua kwa jasho langu." Ukirudi likizo, litazame vizuri. Ukosi wake umeshonwa kwa mkono. Bibi yako hajui kushona hata kifungo.

Mara ya pili alikuja kanisani. Nadhani alifikiri kwamba mbele za Mungu na watu hawezi kufukuzwa. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, amejitanda kitenge. Bibi akainuka, zamu ya ushuhuda. "Bwana asifiwe! Mimi nina binti, akazaa, akatupa. Mtoto hajajua hata kuomba maji! Hajawahi kurudi hata kuulizia. Lakini Mungu si Athumani!" Akina mama wakapiga vigelegele. Na nyuma kule dada akasimama akasema, "Mama, mimi hapa."

Kanisa likageuka. Mzee wa kanisa akakohoa, akasema, "Tuketi, wapendwa, muda umetutupa mkono," akaipungia kwaya mkono iimbe. Kinanda kikaanza. Nilimwona dada midomo inacheza, anasema kitu, anasema kitu kingine, na sauti ya nne na ya tatu zinamfunika. Mpaka leo wimbo ule ukiimbwa mimi natoka nje, na bibi anadhani nina kichefuchefu.

Nilimfuata. Nyinyi watoto mlikuwa nje chini ya turubai, shule ya Jumapili, mnapaka rangi safina. Akaniuliza, "Yupi?" Nikakuonyesha kwa kidole. Mliposikia hatua mkainuka wote mkaimba "Shikamooo," akajibu "Marahabaa," akakufikia, akakuweka sawa ukosi wa nguo. Ukamwambia, "Asante." Ukarudi kwenye safina yako. Akanitazama mimi. Nilikuwa mtoto, sikujua uso wa mtu mzima unaweza kukaa vile. Akashuka na njia ya mawe kwenda barabarani, na mimi nikarudi ndani kuketi pembeni ya bibi kama mtoto mwenye adabu.

Unaona sasa kwa nini nina hasira?

Ngoja nikwambie kuhusu hadithi yenyewe, maana hasira yangu nyingine ni ya huko.

Nilipofika kidato cha tatu Mwalimu Bwire alituambia tuandike kwa ajili ya gazeti la ukutani. Unajua mimi nilivyo. Darasani nikiitwa jina nilikuwa najibu kwa kuinua peni. Lakini nilipoandika "Hapo zamani palikuwa na kisiwa," mkono ulikimbia peke yake. Kitu nilichoshindwa kukisema kwa miaka mingi kilitoka chote kwa jioni moja, kwa sababu hakikuwa changu tena, kilikuwa cha mwanamke wa kisiwani. Nisingeweza kuandika "mama yangu alimfungia dada yangu mlango." Ningeandika "mama" halafu ningekaa. Kwa hiyo sikudharau kutunga, na wewe usije ukadharau. Kutunga kulinifungua kinywa.

Niliandika yote, na kurudi kwake niliandika. Mwalimu akanirudishia na wino mwekundu kwenye ukurasa wa mwisho. Akaniita ofisini.

"Minza, hii kazi. Hii kazi hasa! Ila hapa mwisho unaniangusha. Anarudi, anagonga, anafukuzwa, anarudi tena. Hadithi inageuka kesi ya balozi wa nyumba kumi. Umeelewa? Haina uzuri. Mfanye awe jiwe majini."

"Jiwe, mwalimu?"

"Jiwe. Sisi watu wa Mwanza tunaishi juu ya mawe, tunajenga juu ya mawe, tunafua juu ya mawe. Mpe msomaji jiwe, atakulilia."

Ningesema hapana. Ningesema, mwalimu, alirudi. Lakini kusema hivyo ningekuwa nimekiri ni kweli, na nilikuwa nimeshasema nimeitunga. Ukisema umetunga, huna cha kutetea. Kila mtu ana ruhusa ya kuupinda mwisho wako. Nikaupinda. Na ukweli ni kwamba ulipendeza. Niliona fahari. Niliusoma mwenyewe pale ukutani watu wakiwa wameondoka.

Halafu mahafali yetu. Mwalimu akaisoma mbele ya wazazi. Bibi yako alikuwa mstari wa mbele na kile kitenge chake cha umoja wa akina mama. Nilikuwa jukwaani, najificha nyuma ya msichana mrefu. Nilijiambia, leo atasikia. Leo atajijua. Mwalimu alipofika "Chagua, ukivuka maji huku huna mtoto," nilimwona bibi anashika shavu. Akaanza kulia. Alilia, Kabula, mpaka jirani akampa leso. Nikasema moyoni, asante Mungu, imeingia.

Unajua alimwambiaje yule jirani? Nilikuwa nimeshashuka, nimesimama nyuma yake.

"Jamani, kuna wazazi wana roho mbaya! Kumchagulisha mwanao hivyo! Mimi nisingeweza."

Mimi nisingeweza! Na alisema kwa moyo wote, hakuwa anaigiza. Usiku ule ule, tunakula wali wa sherehe, wewe unalamba mifupa, akaniuliza tena nimeitoa wapi, nikasema tena nimeitunga. Akasema:

"Una kipaji, mama. Ila yule bibi mtu ungemwadhibu. Umemwacha tu, anakula, analala."

"Ungependa afanyweje?"

Akafikiri. "Angalau yule mjukuu angeambiwa."

Nilimwangalia mpaka akaniuliza kama nimeona nzi usoni kwake.

Hapo ndipo nilipojua kasoro ya kazi yangu. Hadithi ina mlango wa nyuma, na mwenye kosa anaujua mlango huo kuliko mtu yeyote. Anaingia kwa mbele na leso, analia na wenzake, anatokea nyuma akiwa msafi. Ushuhuda wake kanisani una majina yote ya kweli, na ni uongo. Hadithi yangu haina jina hata moja la kweli, na ni kweli, isipokuwa mwisho. Na mwisho ndio uliokuhusu wewe.

Baadaye ndipo nilipompata dada. Bibi alinituma mwaloni Kirumba kununua dagaa, mama mmoja mchuuzi kutoka Majita akanishika mkono. "Wewe! Meno hayo nayajua. Una dada anaitwa Esta?" Nikaitikia kwa kichwa kama mbuzi. Akanipa namba ya simu ya dada. Kupiga nilishindwa. Nikapiga picha ile hadithi, karatasi kwa karatasi, nikamtumia bila neno. Nilitaka anisifu, ndiyo ukweli wenyewe.

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti. Kuku wanalia nyuma yake, na mtoto mdogo anauliza kitu. Alinijua bila kuambiwa.

"Minza mdogo wangu. Nimesoma mara mbili. Umeandika mpaka nimeacha dagaa juani wamekauka kupita kiasi. Lakini mbona umenigeuza jiwe? Mimi nilirudi. Wewe ulikuwepo."

Basi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilijiona nimefanya kile kile kilichofanywa na kwaya, ila mimi nilitumia sauti nzuri zaidi.

Nimejiuliza sana toka hapo kama niache kutunga. Siachi. Kesho kutwa pengine nitaanza nyingine. Kuna watu wanaohitaji hadithi: wageni, wapita njia, watu watakaosoma ukutani na kukumbuka ya kwao. Lakini wewe hukuwa unahitaji hadithi. Ulikuwa unahitaji habari, na mimi kwa woga nikakupa hadithi, tena nikakupa tena na tena kwa sababu ulikuwa unaniambia ni nzuri. Nilikufanya kama viwanda vyetu vinavyofanya sangara: minofu safi wamepelekewa wengine, na mwenye ziwa amebaki na mapanki.

Kwa hiyo mwisho ni huu, bila jiwe. Mama yako anaitwa Esta. Anaishi upande wa Majita, kwenye kijiji ambacho jina lake nimeliandika nyuma ya karatasi hii pamoja na namba yake. Anaanika dagaa. Una wadogo zako wawili. Shule uliyopangiwa iko karibu naye kuliko ilivyo karibu na sisi, na bibi hilo amelijua, ndiyo maana alinuna wiki nzima majina yalipotoka. Dada anajua kwamba unakuja. Nimemwomba asikufuate shuleni mpaka wewe mwenyewe umpigie. Amesema atasubiri. Usipotaka kumpigia, usimpigie. Ukitaka kumkasirikia, una haki, alipaswa kugonga mara ya tatu. Mimi mwenyewe ningependa agonge. Lakini umkasirikie yeye aliye na miguu, aliyeitumia akaja, akachoka. Usimkasirikie jiwe nililolichonga mimi.

Na bibi? Sijui nikwambie nini. Nadhani aliogopa nyumba kubaki tupu. Babu alikuwa ameshakufa, kaka Masanja ameoa, Esta anaondoka. Akakushika wewe kwa mikono miwili na kwa meno. Nalielewa hilo na bado nina hasira nalo. Kesho atakufungia maandazi ya njiani na atalia stendi, na machozi yatakuwa ya kweli. Mkumbatie. Mimi pia huwa namkumbatia.

Barua hii nitakupa mkononi stendi ya Buzuruga, ukiwa umeshakaa kwenye kiti cha basi. Isome kabla ya Magu, maana hapo kaka Masanja atapanda kukufikisha shule, na yeye ni mtoto wa mama yake. Ukiisha kusoma, iweke ndani ya foronya ya mto.

Jambo la mwisho. Jumapili hii ni ushuhuda. Nimempelekea katibu wa kanisa jina langu, akashangaa: "Wewe Minza? Utasema au utaimba?" Nikamwambia nitasema. Sijawahi kusimama pale mbele. Sauti itakuwa ndogo, najua, na pengine kwaya itapungiwa mkono. Nitasimama hivyo hivyo mpaka wimbo uishe. Wimbo wowote una mwisho. Sitasema kisiwa, sitasema hapo zamani. Nitasema jina langu, nitasema ni mdogo wake Esta, nitasema siku alizokuja na mahali nilipokuwa nimesimama.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, kaka Masanja akikuuliza kwa nini macho yako ni mekundu, mwambie ni vumbi. Bibi akipiga simu kuuliza kama umefika, mwambie umefika. Nitunzie siri hii mpaka Jumapili mchana. Isimfikie bibi kwa mdomo wa mtu mwingine. Nataka aisikie kwangu, ananitazama.

Baada ya hapo si siri tena.

Mimi mama yako mdogo,
Minza